Sitaki Kufa, Sitaki Kupona

Kwaru, kwaru, kwaru.

Ulikuwa mwiko ukikwaruza chini ya sufuria, huko Luzira, kabla hata ndege wa ziwani hawajaamka. Amony alikuwa akikoroga uji wa ulezi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliuweka kifuani, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Msomaji, wiki jana tulimwacha amesimama katikati ya wodi ya wanawake, Sista Nuriat amemkazia macho, akimwambia: "Wewe ndiye dada yake. Mgonjwa wako amekataa kukatwa mguu. Kesho daktari wa akili anakuja. Akisema kichwa cha mgonjwa huyu hakiko sawa, neno ni lako. Useme mguu ukatwe, au useme ubaki na uondoke naye."

Amony alirudi nyumbani kufua nguo na kupika. Kulala hakulala.

Awiti hakuwa dada yake. Hakuwa hata shemeji wa jirani yake.

Amony aliingia wodi ile kumuuguza mama mkwe wake, bibi Lamunu, aliyeteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika mguu. Kwenye kitanda cha pili alilazwa Mkenya mmoja, Mjaluo, anayewapikia mafundi wa gereji chapati na maharage kule Kisenyi. Kisukari kilimtoboa kisigino, kidonda kikaoza. Ndiye Awiti. Mafundi walimleta, wakamlaza, wakarudi kwenye magari yao. Hakuna aliyekuja tena.

Na wewe unajua wodi zetu. Mgonjwa asiye na mtu ni kama nyumba isiyo na mlango. Nani amletee maji ya kuoga? Nani akimbilie dawa ikikosekana dirishani? Sista alipita akauliza, "Mwenye mgonjwa huyu yuko wapi?" Kimya. Akauliza tena. Awiti akageuza uso ukutani kwa aibu.

Amony akajisikia akisema, "Niko hapa. Ni dada yangu."

Nani angebisha? Kiacholi cha mmoja na Kijaluo cha mwingine vinasikilizana kama majirani wanaoazimana chumvi. Tangu siku hiyo sufuria ya Amony ikawa na vikombe viwili. Uongo ulianza kwa huruma, na uongo wa huruma ndio mgumu kuurudisha.

Kulipopambazuka alikuwa langoni mwa hospitali.

"Unakwenda kwa nani, mama?" aliuliza Zubairi, askari wa lango. Alimjua vizuri, lakini kuuliza ndiyo kazi yake.

"Kwa mama mkwe."

"Na yule dada yako je? Leo umemkana?"

Amony aliihamishia sufuria mkono wa pili. "Na dada yangu."

"Pita. Hiyo sufuria ya uji nipe, nikubebee mpaka ngazini. Unatembea kama umebeba jiwe."

Jiwe alikuwa nalo kweli, ila si mkononi.

*

Daktari wa akili alikuwa amekwisha fika.

Wodi nzima ilijua bila kuambiwa. Mwanamke wa kitanda cha dirishani alikuwa amevuta beseni lake karibu, kana kwamba wazimu huambukiza kwa maji. Wengine walijifanya wamelala huku jicho moja liko wazi.

Bibi Lamunu hakujifanya. Alikuwa ameketi, plasta imenyooshwa mbele kama gogo, shingo ndefu.

"Mke wa mwanangu umechelewa," alisema. "Huyo hapo wa vichwa. Koti jeupe hana. Nilidhani ni mtu wa kuuza soksi."

"Mama, polepole."

"Nimesema soksi nzuri."

Daktari Tarcisio alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka wa Amony, ubavuni mwa kitanda cha Awiti. Alikuwa akisugua viganja vyake. Amony alifikiri anaomba. Kumbe alikuwa akivipasha moto, na vilipopata joto ndipo akaushika mguu mbovu wa Awiti, kwa upole, kama anayeshika yai.

"Usiku unaongea," alisema. "Masista wameniambia. Unaongea na nani?"

Awiti hakugeuka kutoka ukutani. "Na mafundi wangu. Namuuliza huyu kama anataka pilipili, yule kama ataongeza chapati."

"Wapo hapa?"

"Unaniona mjinga? Wako Kisenyi. Wewe ukikaa peke yako huongei?"

"Naongea na redio. Tunagombana sana."

Bega la Awiti likatikisika kidogo. Kama kilikuwa kicheko, kilikuwa cha kwanza tangu Ijumaa, alipoacha kula.

"Leo siku gani?"

"Jumatano. Jana walileta maharage mabichi, kwa hiyo jana ilikuwa Jumanne. Jumanne mpishi wenu ana haraka."

"Huo mguu usipokatwa, itakuwaje?"

"Sumu itapanda. Nitakufa."

"Unataka kufa?"

Waliojifanya wamelala walifumbua jicho la pili. Hata Lamunu aliacha kutafuna.

"Sitaki kufa," alisema Awiti. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeweka mzigo chini: "Ila sitaki kupona pia."

Amony aliiweka sufuria sakafuni, taratibu, isilie.

"Nieleze hapo," alisema Tarcisio.

"Ukipona hapa unatolewa. Nitolewe niende wapi? Chumba changu kiko juu, kwa ngazi za chuma. Jiko langu liko chini kwa mafundi. Nani ataninyooshea mkono? Hapa ninaoza, ndiyo, lakini asubuhi mtu ananiuliza nimeamkaje." Aliivuta shuka begani. "Kukatwa nilikuwa nimekubali. Waulize. Halafu Ijumaa nikasikia yule bibi mguu wake umeunga, ataruhusiwa. Nikafikiri, basi. Uji umekwisha."

Bibi Lamunu aliitazama plasta yake kama mtu aliyefumaniwa.

*

Korido ilinuka dawa ya sakafu. Amony alimfuata daktari hadi penye dirisha, na Sista Nuriat akaja nyuma yao, kalamu sikioni.

"Haya, musawo, daktari wetu," alisema Nuriat. "Tuambie. Wapasuaji wananiuliza. Wamesema mwisho ni kesho asubuhi, sumu imefika kwenye kifundo. Ni wazimu?"

"Si wazimu."

Amony alishusha pumzi. Neno halitakuwa lake. Mungu amemwondolea.

"Ni mgonjwa," aliendelea Tarcisio. "Mgonjwa wa huzuni, na si ile ya kusema pole ikapita. Halali usingizi, hali chakula, haoni kesho. Nitamwanzishia dawa leo, nami nitakuwa nakaa naye kila siku. Lakini dawa hiyo huanza kushika baada ya wiki kadhaa."

"Mguu hauna wiki," alisema Nuriat.

"Najua. Ila anaelewa kila kitu. Anajua siku, anajua mguu, anajua kifo. Mtu anayejua hivyo, neno ni lake mwenyewe. Akisema hapana, ni hapana."

Pumzi aliyoishusha Amony ikarudi yote. Usiku kucha aliogopa kupewa kisu. Sasa kisu kimechukuliwa, na Awiti atakufa mbele ya macho yake akiwa na akili zake timamu.

"Daktari," alisema. "Sema ana wazimu."

"Mama?"

"Sema tu. Neno moja. Nami nitasema wakate. Ataamka na mguu mmoja, atanichukia, lakini ataamka. Wewe ulisema ni mgonjwa. Mgonjwa wa kichwa si ndiyo huyo huyo?"

Tarcisio hakumkemea. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyeitwa wodi nyingi.

"Ningekuwa na njia hiyo ningeitumia, mama. Lakini nikimbandika jina hilo kwa uongo, litamfuata hadi Kisenyi. Mguu mmoja watu watauzoea. Jina hilo hawatalizoea. Ataendesha jiko gani? Nani atakula chapati ya mtu aliyeitwa kichaa?"

"Kwa hiyo hutampeleka Butabika, kwa wagonjwa wa akili?"

"Butabika huenda anayehitaji, na wengi hurudi wakicheka. Huyu wa kwenu atatibiwa papa hapa, kitanda hiki hiki. Ndiyo kazi yangu, kuzunguka wodi za mifupa na za wazazi. Watu wanadhani kichwa hulazwa mbali na mguu." Akamgeukia. "Wewe ndiye dada yake. Ongea naye. Wewe atakusikia."

Ndipo lile jiwe likamtoka Amony.

"Mimi si dada yake."

Nuriat aliitoa kalamu sikioni. "Umesemaje, nyabo?"

"Si dada yangu. Simjui kwao, simjui mama yake. Nilimkuta kitandani. Uliuliza mwenye mgonjwa yuko wapi, hakuna aliyejibu, nikajibu."

"Na jana? Nilipokwambia neno ni lako?"

"Jana nilinyamaza."

"Ungetia sahihi kama nani?"

Amony aliitazama ile kalamu.

Sista Nuriat ana sauti kubwa, lakini hasira yake halisi ni ya chini. "Nimekuachia mlango kila saa," alisema. "Nimekupa mkeka wa wodi. Wenzako wanafukuzwa, wewe nasema mwacheni, huyo ana wagonjwa wawili. Leo mama mkwe wako anatoka saa sita. Akitoka, huna mgonjwa hapa. Utakuja saa ya wageni, jioni, kama watu wengine."

Alikuwa na haki. Ule uongo ndio uliokuwa tiketi ya Amony. Ameurudisha, na mlango umefungwa.

Nuriat aliondoka. Hatua chache mbele akageuka, bila kulainisha uso. "Uji wake unapoa. Mpe kwanza."

*

Awiti alikuwa macho. Kikombe kilibaki mkononi mwa Amony, hakuna aliyekipokea.

"Nimewaambia ukweli," alisema Amony. "Kwamba mimi si dada yako."

"Mimi nilijua. Nilikuwepo nilipozaliwa, sikukuona."

Kwenye kitanda cha jirani, Lamunu alikohoa kwa kicheko.

"Kwa nini uliwaambia?" aliuliza Awiti. "Tulikuwa tunakula vizuri."

"Walitaka niseme wakukate."

"Ungesema?"

Amony angeweza kujibu hapana, ingekuwa rahisi, na wangelia pamoja. Lakini uongo alikuwa ameumaliza korido.

"Ningesema ndiyo. Na nilimwomba daktari akuite kichaa ili niseme."

Awiti alimgeukia. Uso wake ulikaza, ukalegea, ukakaza tena.

"Ulimwomba hivyo?"

"Ndiyo."

"Akakataa?"

"Akakataa."

Tarcisio alikuwa amerudi, amesimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Awiti akamwinulia kidevu. "Ni kweli ulikataa?"

"Ni kweli. Neno ni lako."

"Hata nikisema hapana?"

"Hata ukisema hapana. Nitakuja kukaa hapo mkekani hadi mwisho, na sitapenda. Lakini hakuna mtu atakushika mikono."

Hilo lilimgusa Awiti mahali ambapo pole zote hazikufika. Tangu alazwe, kila aliyemkaribia alimzungumzia juu ya kichwa chake, kama mwenye nyumba hayupo. Sasa mtu amebisha hodi.

"Na nikisema ndiyo," aliuliza polepole, "utaniahidi sitakuwa peke yangu?"

"Siwezi. Ningekuahidi ningekudanganya. Ninaloweza ni hili: nitapita kila siku hadi utoke. Ukitoka, kliniki yangu ni Alhamisi, chini kule, ngazi hakuna."

"Ni kidogo."

"Ni kidogo," alikubali daktari.

Awiti akanyoosha mkono, akachukua kikombe kwa Amony. Hakunywa. Alikishika tu kwa viganja viwili, kama watu wanavyoshika kikombe wakati wa mvua.

Saa sita ikabisha. Sista Nuriat aliingia na kiti cha magurudumu. "Bibi Lamunu, umeruhusiwa."

"Sitoki," alisema Lamunu.

"Unasemaje?"

"Mguu umeanza kuuma. Hapa, na hapa, na huku nyuma."

"Mama, daktari amesema umeunga," alisema Nuriat.

"Daktari anaumwa mguu wangu? Andika kwamba naumwa. Na nikibaki mimi, anayeniuguza anabaki. Si ndiyo sheria yako?"

Amony alimkodolea macho. Huyu ni mama mkwe aliyelalamika kila asubuhi kwamba uji wake unagawiwa Wakenya. Huyu ndiye aliyekuwa akisema, "Mke wa mwanangu anaokota madada kama kuni." Sasa amejifunika shuka hadi kidevuni, macho yamefumbwa, anaugua kwa ustadi.

Wodi ilianza kucheka. Hata yule wa dirishani alirudisha beseni lake mahali pake.

"Musawo," Nuriat alimwambia Tarcisio, "na huyu mtazame."

"Nimekwisha mtazama. Huyu akili zake zimezidi."

Lakini Nuriat hakucheka. Aliinama sikioni kwa bibi, akashusha sauti. "Mama, nakuomba. Kwenye korido kuna binti wa kutoka Port Bell, nyonga imevunjika. Amelala sakafuni tangu jana. Nasubiri kitanda hiki."

Lamunu alifumbua macho. Alitazama dari. Kisha akaanza kuikunja shuka, upande kwa upande, kwa unadhifu wa mama wa mwanajeshi.

"Kwa nini hukuanza na hilo?" alinung'unika. "Unaniacha niumwe bure."

*

Kwa hiyo ilikwisha. Amony alikusanya vyombo: sufuria, vikombe, mkeka wa wodi aliukunja akamrudishia Sista. Alimsaidia Lamunu kuketi kwenye kiti cha magurudumu, akamfunika miguu kwa kitenge.

Nyumbani hakuna mtu. Mumewe Oola yuko kazini Karamoja na kikosi chake, na ruhusa hajapata. Lamunu hawezi hata kufika chooni bila kushikwa. Jirani wa kuaminika amehama. Kutoka Luzira hadi hapa na kurudi ni nusu siku, na bibi hawezi kuachwa nusu siku. Haya yote Amony alikuwa akiyajua alipoupokea ule mkeka, lakini mtu hujua mambo mengi asiyoyatazama.

Alikuwa akitafuta neno la kuaga lisilo uongo. Halikupatikana.

"Nileteeni hiyo karatasi," alisema Awiti.

Nuriat, aliyekuwa tayari mlangoni, aligeuka.

"Ya kukatwa. Ileteni, kabla sijabadilika."

Ililetwa. Daktari Tarcisio aliisoma yote kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili, akiuliza kila mahali kama ameelewa. Nuriat aliinua mto nyuma ya mgongo wa Awiti, akakirekebisha chandarua kilichokuwa kikimwangukia usoni, kisha akampa kalamu yake, ile ya sikioni.

Awiti aliishika. Ncha ikashuka, ikasimama juu ya karatasi, haikugusa.

"Amony," alisema.

Lilikuwa jina lake, tupu, bila udada mbele. Amony alishika mipini ya kiti cha magurudumu.

"Uji sikuombi," alisema Awiti. "Kuniogesha sikuombi, watanizoea hawa. Mama yako ni mzito kuliko mimi, najua. Na langoni usiseme tena wewe ni ndugu yangu. Ndugu huja kwa sababu watu watasema asipokuja." Kalamu bado ilikuwa hewani. "Sema tu unakuja kumwona mtu. Kesho nikifumbua macho, na mguu haupo, nataka niwe na mlango wa kutazama. Usinijibu kwa huruma, nimeshiba huruma. Nijibu kweli. Utakuja tena kuniona?"